Choo cha Mama

Nyumba, nionavyo mimi, haipimwi kwa sebule. Mgeni akikaribishwa huonyeshwa viti na vitambaa vya meza. Lakini akitaka kuwajua wenye nyumba, na aombe kwenda uani. Huko ndiko ataona wanavyowajali wadhaifu wao. Kijana mwenye nguvu hukimudu choo chochote. Mzee na mtoto hawawezi.

Choo cha nyumbani kwetu Kitaji, mjini Musoma, alikichimba marehemu baba mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakarudi majumbani kuyatenda waliyojifunza. Baba alipambana na mawe kwa mtaimbo na nyundo. Kuta za shimo alizijengea mawe, juu akapanga magogo na kuyasiriba udongo. Miaka ilivyokwenda shimo lilipakuliwa, na magogo yakabadilishwa mara mbili. Kuta zake hazikutikisika.

Mwaka 2009 niligundua kwamba mama, wakati huo mtu mzima sana, hanywi kitu jioni. Uji aliusogeza pembeni, maji akayagusa kwa midomo tu. Nikamwuliza kama anaumwa.

“Siumwi, mwanangu,” akasema. “Nikinywa nitaamka usiku, na kile choo nakiogopa.”

Ziwa Victoria lilikuwa karibu nasi, na mama analala na kiu! Mzee asiyekunywa maji ya kutosha hupata kizunguzungu, choo kigumu na maradhi ya mkojo. Asubuhi nilikwenda kugonga magogo kwa mtaimbo. Mawili yalitoa sauti kama ya debe tupu: mchwa walikuwa wameyala kwa ndani, juu yakabaki mazima.

Kuchimba shimo jipya kwenye mawe yale kungechukua miezi, na la baba lilikuwa bado imara. Nikaamua kubadilisha sakafu. Nilichanganya saruji sehemu moja, mchanga sehemu mbili na kokoto sehemu tatu, nikalaza nondo, nikamwaga vipande viwili ili watu wanne waweze kubeba kimoja kimoja. Tundu nililifanya jembamba, upana wa sentimeta 18, mtoto asije akatumbukia. Kwa siku saba nilivimwagilia maji asubuhi na jioni, kwa kuwa zege likikaushwa haraka hupasuka. Siku tulipong'oa magogo, shimo lililindwa kama mgonjwa. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kulisogelea. Mama alishikwa mkono kwenda choo cha jirani.

Nilisimamisha pia bomba la kutoa hewa, likapita juu ya paa, mdomoni nikafunga wavu. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni. Nzi nao hufuata mwanga. Chooni mkiwa na giza kidogo, nzi waliomo shimoni hupanda kuelekea mwanga wa bomba, wakanaswa na wavu. Elimu hii iliendelezwa Zimbabwe katika miaka ya 1970.

Lakini kazi ambayo mama aliithamini kuliko zote ilikuwa nyepesi kupita zote. Nilipigilia ubao imara ukutani, usawa wa mkono wake, wa kushikia anapochuchumaa na anapoinuka. Baadaye fundi seremala alitutengenezea kiti chenye tundu. Mama alikijaribu mchana, sote tukiwa nje tunajifanya hatusikilizi. Alipotoka akasema tu, “Hapa sasa nitakaa.” Jioni ile alimaliza uji wake.

Mwaka 2017 ilikuja kampeni nyingine, Nyumba ni Choo, nami niliifurahia. Kaya zikihesabiwa, yetu ingehesabiwa kuwa na choo tangu 1973, hata usiku ule ambao mama alikuwa akilala na kiu. Hesabu haikosei, ila haiwezi kumwuliza bibi anaogopa nini. Swali hilo ni la watu wa nyumbani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujanunua mfuko wa saruji, kaa kwanza na yule aliye dhaifu kuliko wote nyumbani mwako, umwulize kwa upole usiku huwa anakwendaje. Jibu lake ndilo litakalokuwa ramani yako.