Mama avuka bahari kwenda Wasini

MAMA yangu ni mzaliwa wa Kitui. Katika miaka yake 68, maji aliyoyazoea ni yale ya kuchimbwa mchangani katika mto uliokauka. Nilipomwambia Januari iliyopita kwamba ningempeleka kisiwa cha Wasini, kusini mwa Pwani, alinijibu kwa mkato: "Bahari haina mti wa kushika."

Hata hivyo, alikubali kufika Shimoni, akisema angeningoja ufuoni.

Tulivuka Likoni kwa feri alfajiri, tukapanda matatu kupitia Ukunda na Msambweni. Barabara ya Shimoni huchepuka kushoto kutoka ile ya Lunga Lunga. Ukikosa matatu ya moja kwa moja, shuka kwenye njia panda utafute bodaboda.

Shimoni kulipata jina kutokana na mapango yaliyo karibu na bahari. Wazee wa huko husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kusafirishwa Unguja. Mama aliingia hatua chache, akasimama kimya kwa muda mrefu. Tulipotoka alisema, "Hawa walipelekwa baharini bila kuulizwa. Mimi nimeulizwa. Twende."

Gatini, dalali mmoja alitaka tulipie mashua nzima. Mpenzi msomaji, usiwe na haraka. Uliza mashua wanayopanda wanakijiji, kisha usubiri ijae. Sisi tulingoja chini ya saa moja. "Keti hapa katikati, mama, hutaloa," nahodha akamwambia. Alinishika mkono hadi tulipotia nanga.

Wasini hakuna gari hata moja. Kisiwa hiki chenye urefu wa kilomita zipatazo tano kina vijiji vya Wasini na Mkwiro, na watu hutembea kwa miguu katika vichochoro. Wenyeji ni Waislamu, kwa hivyo vaa nguo za heshima. Mama alijifunga leso, akawa kama mmoja wao.

Usikose bustani ya matumbawe, ambako kikundi cha akina mama wa kijiji kimejenga njia ya mbao juu ya miamba ya kale na mikoko. Maji yakijaa, bahari huingia chini ya miguu yako.

Baadaye nilikwenda mbuga ya baharini ya Kisite-Mpunguti, iliyotengwa miaka ya 1970 na ambayo husimamiwa na Shirika la Wanyamapori, KWS. Ukivaa miwani ya kuzamia utaona samaki wa kila rangi, na ukibahatika, kasa na pomboo. Nenda msimu wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi. Kusi likivuma, bahari huchafuka.

Mama alikataa safari hiyo. Niliporudi nilimkuta barazani na bibi mmoja, mwenyeji wetu, wakizungumza kama dada. Mbele yao palikuwa na wali wa nazi na samaki wa kupaka. Walikuwa wakizungumza juu ya maji.

Kisiwa hakina mto. Tangu jadi, wakaaji wamekinga maji ya mvua yanayotiririka kutoka mapaani na kuyahifadhi katika birika. Mvua ikichelewa, maji huvushwa kutoka bara. Yule bibi alimpa Mama kikombe. Aliyekuwa akiogopa maji mengi akakipokea kwa mikono miwili, akanywa nusu. Iliyobaki hakuimwaga. Aliimimina kwenye mche wa mpapai uliokuwa kando ya ukuta.

"Ndugu zetu hawa," aliniambia tukirejea, mkono wake sasa ukigusa mawimbi. "Wamezungukwa na maji, lakini wanayahesabu kama sisi."

Ukienda Wasini, beba kofia, pesa taslimu na maji yako ya kunywa. Na ukikaribishwa kikombe cha maji, usikimwage.