Siku Moja Katika Visiwa vya Kilwa

Ndugu msomaji, sisi watu wa bara tukisikia habari za bahari hudhani ni ziwa kubwa lenye chumvi, basi. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka mwezi wa Agosti, nilipokwenda Kilwa kutembelea visiwa kwa mashua ya tanga. Nimezaliwa katika mashamba ya mahindi, na saa yangu ni jua na jogoo. Nilikuwa sijajua kwamba baharini kuna saa nyingine, wala haiko mkononi mwa mtu.

Mgeni atokaye Dar es Salaam hupanda basi kwenda kusini, mwendo wa kilometa zaidi ya 300, akapita njia panda ya Nangurukuru na kushuka Kilwa Masoko. Hapo ndipo penye bandari na maofisi, na hapo ndipo anapochukua kibali cha kuingia katika magofu. Ng'ambo ya mlango wa bahari, kama kilometa mbili tu, unakiona kisiwa cha Kilwa Kisiwani. Kusini yake kipo Songo Mnara, na katika maji hayo hayo kipo kisiwa kidogo cha Sanje ya Kati. Visiwa vyote vitatu vina magofu ya kale. Nilitaka kuviona vyote kwa siku moja.

Jioni nilikwenda pwani nikamkuta nahodha mmoja, mzee wa ndevu nyeupe, anatia kalafati mashua yake. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Unataka kwenda wapi?" Nikamweleza. Akatazama mbinguni, wala hakutazama saa. Akasema, "Kesho ni bamvua, mwezi umetimia. Maji yatajaa saa kumi alfajiri, kisha yatakupwa mpaka saa nne. Tukiondoka saa kumi, maji yanayotoka yatatusukuma, na upepo wa kusi utakuwa bado haujapata nguvu. Tutafika Songo Mnara saa moja. Utatembea saa moja na nusu, kisha tutarudi na upepo mgongoni. Sanje tutapita, na Kisiwani utakaa mchana kutwa. Lakini saa kumi ni saa kumi." Tukapatana bei, nikaenda kulala.

Nakiri mbele yenu, wasomaji, kwamba niliamka saa kumi. Nikaoga, nikanywa chai, nikatafuta kofia. Nilipofika pwani ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Mzee na kijana wake walikuwa wamekaa chomboni kimya. Hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, ingia," akapiga Bismillahi, kijana akang'oa nanga.

Mashua ni chombo cha mbao zilizopigwa misumari juu ya mataruma, chenye mkuku chini na mlingoti mmoja. Tanga lake la pembe tatu hufungwa katika foromali, ule mti mrefu unaopandishwa juu ya mlingoti. Nahodha hushika usukani kwa mkono mmoja na kamba ya demani kwa mwingine, na kwa kamba hiyo hulegeza tanga au hulikaza kadiri ya upepo. Mwezi ulikuwa unazama upande wa bara, mwekundu kama sinia la shaba. Lakini jua lilipotoka, kusi ikaanza kuvuma usoni petu, nasi tukawa tunakwenda mshazari, mara huku mara huku, kama mtu anayepanda mlima mkali. Kijana alikuwa anafua maji kwa kopo. Tulifika Songo Mnara saa mbili na robo.

Maji yalikuwa yamekwisha kukimbia. Tulitia nanga mbali na mikoko, nikavua viatu na kutembea katika tope lililonifika magotini. Nahodha akaniambia, "Nakupa nusu saa. Nikipiga kelele, njoo hapo hapo. Usiseme ngoja."

Songo Mnara ni mji mzima wa mawe uliolala msituni. Ulijengwa karne ya 14 na ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 16. Kuna nyumba kubwa zaidi ya 40, misikiti, makaburi na ukuta, na mibuyu imeota kati yake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na milango imechongwa kwa ufundi hata leo unatamani kuipapasa. Niliingia nyumba moja nikatoka nyingine. Nilimsikia mzee akiita. Nikajibu kwa sauti, "Naja!" kisha nikaenda kutazama msikiti mmoja zaidi, na baada ya huo kaburi moja zaidi.

Niliporudi ilikuwa saa tatu na robo. Mashua ilikuwa imelala ubavu juu ya tope, na bahari iko mbali, inang'aa kama bati. Chombo kikikaa hivyo, watu wa pwani husema kimepwelewa, na hakuna watu watatu wawezao kukisukuma. Lakini hilo silo lililonichoma moyo. Kando ya mashua aliketi mama mmoja wa kisiwani, amempakata mtoto wa kama miaka miwili. Mtoto alikuwa na homa kali, macho yamelegea. Vyombo vya kijijini vilikuwa vimekwenda kuvua tangu usiku. Mama aliposikia kuna mashua ya Masoko, alikuja mbio kuomba achukuliwe mpaka kituo cha afya. Alifika wakati chombo kingali kinaelea. Nahodha alimwambia, "Ingia, mama. Tunamngoja mgeni tu."

Mgeni huyo nilikuwa mimi.

Tulikaa pale mpaka saa sita kasorobo, maji yaliporudi. Nilimpa mama maji yangu ya kunywa, na nikamshikia mtoto mwavuli. Mama alinishukuru, na shukrani ile ilikuwa nzito kuliko tusi. Nilimwomba radhi nahodha. Akasema, "Mwambie mama, siyo mimi." Nikamwambia. Akajibu taratibu, "Hukujua, kaka." Lakini nilikuwa nimeambiwa.

Tukiwa tunangoja, mzee alininyoshea kidole mikoko iliyozunguka ufuko. Akasema maji haya haya yaliyotuweka hapa ndiyo yanayokula magofu. Zamani watu walikata mikoko wapate boriti na kuni, na mahali ilipotoka mikoko mawimbi yalipiga udongo mpaka kuta zikaanguka baharini. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, lakini mwaka 2004 yakaandikwa miongoni mwa yale yaliyo hatarini. Ndipo watu wa visiwa hivi wakashirikiana na serikali na wafadhili. Kuta zikaimarishwa, vizuizi vya mawimbi vikajengwa, na mikoko ikapandwa upya. Mwaka 2014 yakatolewa katika orodha ile ya hatari. "Mkoko ukipandwa leo unamfaa mjukuu," mzee alisema, "lakini lazima upandwe leo."

Maji yalipoinyanyua mashua, kijana alipandisha tanga. Safari hii kusi ilikuwa mgongoni. Chombo kilikimbia kama punda aliyeona nyumbani. Sanje ya Kati niliiona kwa mbali tu, kijani juu ya maji, na sikuthubutu hata kuitaja. Saa nane na robo tulifika Kilwa Masoko. Kijana wa nahodha alimbeba mtoto, mama akafuata, nami nikawasindikiza mpaka mlangoni. Mtoto alipimwa, akaonekana ana malaria, akapewa dawa. Mganga alisema ni vema ameletwa siku ile ile.

Nilitaka kuacha safari iliyobaki. Nahodha akakataa. Akasema, "Umelipa, na Kisiwani ni hapo tu." Basi saa tisa tukavuka.

Hapo Kilwa Kisiwani nilielewa kwamba mji mzima ulijengwa kwa kutii upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Kilwa iko karibu na mwisho wa mahali ambapo chombo kingeweza kufika na kurudi kwao katika msimu mmoja. Kwa hiyo dhahabu ya Sofala, iliyo katika nchi ya Msumbiji ya leo, ilikutana hapa na nguo, shanga na vyombo vya mbali. Mfanyabiashara aliyechelewa kufunga mizigo alikosa kusi, akangoja miezi mingi.

Msikiti Mkuu ungali umesimama. Sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11, na baadaye uliongezwa ukumbi mkubwa wa nguzo na kuba. Kando ya pwani, juu ya jabali, yapo magofu ya Husuni Kubwa, jumba la sultani lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Miaka ya 1960 Mwingereza Neville Chittick alichimbua sana hapa, na kwa kazi yake tunajua mengi.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alifika Kilwa, akausifu mji kwa uzuri wake. Sultani wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman. Msafiri huyo anasimulia kwamba siku ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini, maskini mmoja alimwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Maskini akasema anazitaka saa ile ile. Sultani akarudi ndani, akavua, akavaa nyingine, akampa. Mtoto wa sultani alizikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, jambo linalotukumbusha kwamba utajiri wa siku zile ulikuwa na machozi ya watu ndani yake. Lakini nilisimama pale msikitini nikafikiri juu ya yule sultani ambaye hakusema "ngoja." Mimi nilikuwa nimeitwa mara moja tu, nikajibu "naja," nisije.

Karibu na maji ipo ngome iitwayo Gereza. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji huu wakajenga ngome hapa. Ngome tunayoiona leo ilijengwa zaidi na Waarabu wa Omani baadaye. Sisi Wakatoliki inatupasa tuijue habari ya siku ile bila kuificha. Watawa wa Mtakatifu Fransisko walishuka pwani na msalaba wakiimba, na askari waliokuja nao wakapora nyumba za watu. Mwaka 1512 Wareno waliondoka. Nahodha wangu, Mwislamu, alinionyesha ngome bila neno la uchungu. Asubuhi ile ile alikuwa amengoja saa moja na nusu gizani kwa ajili ya mgeni asiye wa dini yake, kisha akamchukua mgonjwa bila kudai senti. Nikaona aibu ya pili kwa siku moja.

Jua lilipoanza kuzama tulirudi Masoko. Nilimpa mzee nauli pamoja na nyongeza kwa siku niliyomharibia. Nauli alipokea. Nyongeza akaniambia nimpelekee yule mama, anunue sukari. Nikaipeleka. Asubuhi yake, kabla ya basi kuondoka, nilipita tena kituoni. Mtoto alikuwa amekunywa uji na anachezea kofia ya mtu.

Ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kwenda Kilwa, nenda, maana ni urithi wako. Chukua kibali kwanza. Patana bei kabla ya kupanda. Chukua maji ya kunywa, kofia, na viatu visivyoogopa tope. Mwulize nahodha habari za mwezi na maji kabla hujachagua siku, na akikutajia saa, iwe ndiyo saa yako. Usichume mawe wala vigae katika magofu, na usivunje tawi la mkoko.

Wazee wetu walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni nikadhani ni maneno ya kuharakisha watoto wakienda kisimani. Siku ile niliikalia juu ya tope la Songo Mnara, nimeshika mwavuli. Mwana yule si wangu, lakini kuchelewa kulikuwa kwangu. Namshukuru Mungu kwamba maji yalirudi mapema.