Duka la Juma na Fedha za Shule

Muheza, Tanga

Mwanangu Rehema,

Kanga nimeipokea, ahsante sana. Mama yako mguu umepata nafuu, sasa anakwenda shambani asubuhi na kurudi mwenyewe. Michungwa imezaa vizuri mwaka huu, ila walanguzi wanataka kuyachukua machungwa kwa bei ya kutupa. Furaha ya ukoo mzima ni wewe kupewa ukuu wa shule. Mungu akupe afya na subira, hayo mengine utajifunza kazini.

Kilichonishikisha kalamu ni hiki. Jumapili tulikusanyika kwa baba yako mkubwa. Kaka yako Juma, ambaye duka lake la vifaa vya ujenzi limeanza kuchangamka, akasimama akasema sasa Rehema ni Mwalimu Mkuu, basi chaki, rangi, saruji, vyote vitatoka dukani kwetu. Watu wakacheka na kupiga makofi. Mimi nilimwita pembeni tukazungumza, na sasa nazungumza na wewe, maana ombi hilo litakufika, tena litakuja limevaa undugu. Kama mumeo, baba Salma, anasoma begani mwako, asome tu. Na Juma akiiona barua hii, hakuna humu nisichomwambia usoni.

Tuanze na fedha zenyewe. Tangu elimumsingi bila malipo ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kwa shule ya msingi kiwango kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo mnazoletewa. Uliniambia una watoto 640, kwa hiyo ni kama shilingi 320,000 kwa mwezi. Humo humo utoe chaki, karatasi za mitihani, mipira na kitasa cha darasa la tatu. Ni fedha ndogo, ndiyo maana walimu wengi huona taratibu zake ni usumbufu: vikao vyote hivi kwa boksi la chaki? Lakini mkaguzi akija hapimi wingi wa fedha. Anafuata njia fedha zilimopita, hatua kwa hatua, na pale karatasi inapokatika ndipo anapoandika hoja.

Mimi nilishika ukuu wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mwaka 2002, ada ikiwa imefutwa na watoto wakafurika mpaka tukafundishia chini ya miembe. Fedha za madarasa zikaletwa shuleni, kamati ikaambiwa itafute bei, inunue na isimamie. Kwenye kamati yetu alikuwapo mzee mmoja seremala, kusoma kwake kwa shida. Siku mbao zilipoletwa, karatasi ya muuzaji ilisema mbili kwa nne. Mzee akachomoa futi yake mfukoni, akapima ubao mmoja mmoja kabla haujashushwa. Zilizopungua akaziweka upande wa kushoto wa gari, akamwambia dereva, “Hizi rudi nazo.” Zikarudi na gari lile lile. Muuzaji hakutujaribu tena. Siku ile nilielewa kazi ya kamati ya kupokea vifaa.

Upande wa pili, mwenzangu wa shule nyingine, mtu mwadilifu kuliko wengi niliowajua, alinunua bati kwa shemeji yake. Bei ilikuwa nzuri, na bati zenyewe ziko juu ya paa mpaka leo hazivuji. Ila hakutafuta bei kwa wauzaji wengine, kamati haikukaa, na risiti ilikuwa kikaratasi cha mkono. Mkaguzi hakuuliza habari ya bati. Aliuliza nani mwingine alipewa nafasi ya kuuza, na nani alikubali bei ile. Mwenzangu alijieleza kutwa nzima, mkaguzi akaandika mstari mmoja. Ukuu ukamtoka, na kijijini wakasema amekula. Hakula hata senti. Usafi wa nia hauandikwi kwenye leja, mwanangu.

Ninyi wa sasa mna NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao, ulioanza Julai 2023, na Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huo huo. Najua mtandao huko kwenu ni wa kupanda kichuguu. Hata hivyo usinunue kwanza halafu uje kuuingizia mfumo habari baadaye. Ukikwama, mpigie afisa ununuzi wa halmashauri, na jibu lake liwe la maandishi. Heri uitwe msumbufu leo kuliko kuitwa mbele ya wakaguzi kesho.

Usichukue vitu kwa mali kauli ukisubiri ruzuku iingie. Mwenye duka anayekudai hutaweza kumkatalia bei yake. Usigawe ununuzi mmoja vipande vipande ili uonekane mdogo, sheria inakataza na mkaguzi anaujua mchezo huo kwa macho tu. Posho yako ya madaraka iache iwe yako. Usitoe mfukoni ukajirudishia kutoka kwenye fedha ya shule. Anayeomba kitu asiwe ndiye anayekinunua, na anayekinunua asiwe ndiye anayekipokea. Risiti iwe ya mashine ya kielektroniki, EFD, na jina la shule liwemo. Muhtasari wa kikao uandikwe siku ya kikao, wajumbe wasaini wakiwa bado wamekaa. Kisha mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, na kwenye mkutano wa wazazi usome mwenyewe kwa sauti. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na kijiji kikikosa hesabu kitajitungia yake.

Sasa Juma. Sheria inataka mwenye maslahi ayatamke na kukaa kando. Mimi nakuomba uende mbele zaidi ya hapo: shuleni kwako asiuze kabisa, hata bei yake ikiwa ya chini kuliko zote. Fikiria walimu wako wamekaa kwenye kamati, na duka la kaka wa Mwalimu Mkuu limo kwenye orodha. Nani kati yao atasema saruji yake ni ghali? Nani atapima mbao zake kwa futi? Utakuwa umewafunga mdomo bila kutamka neno, na wewe ndiye utakayekosa ulinzi wao.

Juma si mwizi, nami nampenda. Nimemwambia asajili duka lake NeST, awe na mashine ya EFD, kisha aziuzie shule nyingine kwa kushindana na wenzake. Shule ni nyingi. Alinuna kidogo, ila kabla sijaondoka alikuwa ananiuliza kujisajili kunaanzia wapi.

Mzee wako pia asikutume kwa Juma kwa maneno laini. Akikupigia, na nadhani atakupigia, usijieleze sana wala usigombane naye. Sema shangazi amekataza. Lawama ya ukoo niachie mimi, nimezeeka, haitanipunguzia kitu.

Likizo ya Juni mlete Salma, machungwa ya nyuma ya nyumba nimemwekea.

Ni mimi shangazi yako,
Mwalimu Zaina