Kioo Kilichoingia Sumaku

Watu wa rika langu tuliokulia Unguja tulizizoea rangi za televisheni mapema kuliko majirani zetu wengi. Kituo chetu kilianza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Afrika Kusini, na utajiri wake wote, ilifungua televisheni yake mwaka 1976, na Tanzania Bara ilikaa bila kituo hata kimoja hadi 1994. Kwa hiyo hata maradhi ya televisheni za rangi tuliyajua mapema, na mafundi wetu, ambao wengi walikuwa mafundi wa redio, ilibidi wajifunze kuyatibu huku wateja wakiwasubiri barazani.

Mimi niliingia katika ufundi huo katikati ya miaka ya 1980, nilipotoka skuli, katika kibanda kimoja cha Mlandege. Mwenye kibanda tukimwita Maalim. Alikuwa mtu wa maneno machache, vidole vyake vimejaa makovu ya lehemu. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na televisheni zilikuwa zikishuka kwa wingi kutoka Dubai na Muscat. Aliyekuwa na ndugu Ghuba alikuwa na televisheni. Asiyekuwa naye alikuwa na jirani mwenye ndugu Ghuba.

Tukiletewa vyombo vya kila namna: kilichokatika fyuzi, kilichopigwa na umeme uliopanda ghafla, kilichoingia mende. Lakini ugonjwa uliowatisha wenyewe kuliko yote ulikuwa wa rangi kuhama. Sauti nzuri, picha imetulia, ila pembeni ya kioo kuna doa la zambarau au la kijani ambalo haliondoki. Mtangazaji akikaa katikati ana uso wake; akiinama kidogo kuchukua karatasi, shavu linakuwa la kijani. Khanga nyekundu ya mwimbaji wa taarab ikifika kwenye pembe inageuka buluu.

Mwenye chombo akifika kwetu na hukumu yake mkononi: "Maalim, tyubu imekufa." Na tyubu ndiyo iliyokuwa roho ya televisheni, kununua mpya ilikuwa karibu sawa na kununua chombo kizima. Hapo ndipo fundi mwenye tamaa alipopata chakula chake. Walikuwepo waliojibu, "Naam, imekufa, iache hapa wiki moja," wakaliondoa doa kwa dakika chache, kisha wakatoza bei ya tyubu. Niliwahi kufungua televisheni ya namna hiyo iliyoletwa kwetu baadaye kwa ugonjwa mwingine. Mwenyewe aliapa kwamba tyubu ilikuwa imebadilishwa. Nyuma ya tyubu hiyo "mpya" palikuwa na karatasi ya kiwandani iliyogeuka manjano, na vumbi la miaka juu yake halijaguswa na kidole cha mtu.

Maalim alikuwa na swali lake la kwanza, na halikuhusu televisheni. Akiuliza: "Nyumbani kinakaa jirani na nini?" Majibu yalikuwa hayaendi mbali. Redio kaseti kubwa imewekwa juu yake. Spika mbili zimesimamishwa kushoto na kulia ili sauti ijae ukumbini. Au mtoto. Watoto wa mitaa yetu walikuwa wakivunja spika za redio mbovu na kutoa sumaku, wakaiburura mchangani ikusanye chembe nyeusi. Siku mmoja wao alipoigusisha kwenye kioo cha televisheni, aliona rangi zinaikimbia na kuizunguka, na mchezo wa mchangani ukaishia hapo. Shida ilikuwa kwamba sumaku ikiondolewa, baadhi ya rangi hazikurudi mahali pake.

Maalim alinifundisha sababu yake kwa penseli, nyuma ya risiti. Kwenye shingo ya tyubu mna bunduki tatu za elektroni: moja ya rangi nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Mbele, nyuma tu ya kioo, limesimama bamba jembamba la chuma lenye matundu laki kadhaa, na kwenye kioo chenyewe mmepakwa vidoa vya rangi hizo tatu. Matundu yamepangwa ili mwali wa bunduki nyekundu uangukie kidoa chekundu peke yake. Sasa, mwali wa elektroni hupindishwa na sumaku, na bamba lile ni chuma: likikaa na sumaku, nalo linakuwa sumaku. Mwali unapinda kidogo sana, mwekundu unaangukia kijani, na mtu mzima anasema tyubu imekufa. "Risasi ni nzima," aliniambia, "shabaha ndiyo iliyopotea."

Waliounda televisheni walilijua jambo hili. Ndani ya kila televisheni ya rangi waliweka waya uliozungushwa kando ya tyubu. Ukiwasha chombo kilichopoa, umeme unaingia kwenye waya huo kwa nguvu, kisha kifaa kidogo kinapata moto na kuubana hadi unakaribia kwisha. Wanaokumbuka ule mvumo wa "dum" wakati wa kuwasha, ndio huo. Lakini kifaa hicho hakifanyi kazi mpaka kipoe. Mtu aliyezima na kuwasha mara kumi mfululizo alikuwa anajichosha bure. Maalim aliwarudisha wengi majumbani bila kuwatoza hata shilingi: "Ondoa spika, zima, iache nusu saa, washa. Fanya hivyo siku mbili tatu. Ikikataa, njoo."

Zilizokataa ndizo zilizoliteremsha duara ukutani. Lilikuwa koili ya waya wa shaba aliyoisuka mwenyewe, mizunguko mamia, imefungwa utepe mweusi, upana wake futi moja na kitu, ina swichi ya kubonyeza na waya mrefu wa kuchomeka ukutani. Elimu yake aliipata kwa fundi mmoja wa melini. Waingereza walikuwa wamezizungushia meli zao nyaya za umeme tangu 1939, katika Vita Kuu ya Pili, ili mabomu ya sumaku ya Wajerumani yasizitambue zikipita juu yake. Kilichofaa chuma cha meli kilifaa pia bamba la televisheni.

Matumizi yake yalikuwa na adabu yake. Unasimama mbali, unabonyeza swichi, unasogea. Karibu na kioo unalizungusha duara polepole kutoka katikati kwenda kwenye pembe, na rangi zote zinavurugika. Kisha unaanza kurudi nyuma, mkono bado unazunguka, hatua moja, nyingine, hadi mita mbili hivi. Unaligeuza duara ubavu, ndipo unaachia swichi. Umeme wa nyumbani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo bamba linavutwa huku na huku, na kila unavyojitenga mvuto unapungua hadi hakuna kinachobaki. Ukikata umeme ukiwa karibu, chuma kinashika mvuto wa mwisho na kubaki nao. "Kuwasha hakuna kazi," Maalim akisema. "Kazi iko kwenye kuondoka."

Jambo hilo nililiona kwa macho yangu usiku mmoja Michenzani, ghorofa ya juu, kwa mama mmoja aliyekuwa akijiandaa kwa harusi ya binti yake. Televisheni ilikuwa imetoka Muscat, imewekwa katikati ya spika mbili za kukodi, na pembe zote za chini zilikuwa zambarau. Maalim aliziondoa spika kwanza. Kisha akaiweka televisheni mahali itakapokaa, na uso wake uelekee pale pale utakapoelekea siku zote. Hakupenda kuzitibu kibandani, na sababu yake ilikuwa dunia yenyewe, maana nayo ni sumaku. Kule Ghuba ncha ya kaskazini ya sindano ya dira hutaka kuinama; kwetu, kusini ya ikweta, ncha hiyo hiyo hutaka kuinuka. Televisheni iliyorekebishwa kwa nchi za kaskazini iliweza kutufikia na kivuli cha rangi bila kuguswa na spika wala mtoto. Hata kuigeuza ukumbini kuliweza kuleta tofauti.

Duara lilikuwa kwenye pembe ya kulia, karibu ligusane na kioo, umeme ukakatika. Unguja ilikuwa ikipokea umeme wa Bara tangu 1980 kwa waya uliopita chini ya bahari, na kukatika hakukuwa habari. Nilisikia Maalim akivuta pumzi gizani, kisha sauti ya swichi ikiachiwa. Uliporudi, na kioo kikapata moto, nusu ya picha ilikuwa kijani kibichi.

"Maalim, si bora ulivyoikuta!" mama yule alisema. Kaka yake akasimama, akasema chombo kilitoka Muscat kizima na sasa kimeuawa mbele ya mashahidi.

Maalim hakubishana. "Subiri kidogo, dada. Umeme umetuwahi." Akalichukua tena duara, akasogea, akazunguka, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa pazia la mlango. Akaachia. Kijani kilikwisha, zambarau ilikwisha. Kwenye kioo mlikuwa na mwanamke amevaa nyekundu, na nyekundu ilibaki nyekundu kutoka pembe hadi pembe.

Kaka mtu akauliza, "Sasa umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu."

"Basi tunalipa nini?"

"Miguu yangu kupanda ngazi hizi," Maalim akajibu, "na kijana huyu ale." Akataja pesa ndogo mno, akapewa, akakunja waya wake.

Mtaa mzima ulipata habari kwamba yuko fundi anayesema hakubadilisha kitu. Miaka iliyofuata hatukukosa kazi, na wateja walituachia vyombo bila kuandikishana.

Televisheni bapa za leo hazina bunduki wala bamba la matundu, na sumaku ya spika haizihamishi rangi. Za zamani bado ziko stoo za watu wengi. Usizifungue nyuma: tyubu hufanya kazi kwa volti zipatazo 25,000 na huweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa, ndiyo maana Maalim akiingiza mkono mmoja tu na mwingine akiuweka mgongoni. Wala usiwaache watoto wazivunje jaani, kwa kuwa kioo chake kina madini ya risasi. Na chombo chako chochote kikiharibika, simu, friji au pikipiki, fundi akikwambia amebadilisha kitu, mwambie akuonyeshe kile cha zamani kabla hujatoa pesa. Fundi wa kweli hatakasirika.