Kabla Hujailaumu Turbo

Huku California, mtu mwenye Subaru WRX akitaka kubadili manifoldi ya ekzosi huanza kwa kutafuta namba ya kibali. Bodi ya hewa ya jimbo, CARB, hutoa namba hiyo kwa spea zisizo za kiwandani zinazobadilisha mfumo wa kudhibiti moshi. Magari mengi yenye umri mkubwa hukaguliwa moshi kila baada ya miaka miwili, na mkaguzi hafungi kazi kwa kusoma kompyuta tu. Anafungua boneti na kuangalia kwa macho. Manifoldi isiyo ya kiwandani na isiyo na namba ni kufeli. Nyumbani Dar, swali la kwanza ni moja: italia vipi?

Sheria za huku zinachosha, na zinapandisha bei ya kila kitu. Lakini mkaguzi yule yule huangalia pia mipira ya kupumulia injini, na kwa hilo namshukuru, maana ndicho kitu ambacho nyumbani hakuna anayekitazama. Jimbo hili liliamuru mfumo huo wa kupumulia tangu 1961. Kabla ya hapo, hewa chafu ya injini ilimwagwa barabarani kwa bomba lililoelekezwa chini.

Kila pistoni, hata ya injini mpya kabisa, hupitisha gesi kidogo kandokando ya ringi, ikaingia kwenye tumbo la injini kule krenki inakozunguka. Gesi hiyo imebeba mvuke wa oili, petroli isiyoungua na maji. Katika injini isiyo na turbo kazi ni nyepesi: valvu ndogo ya PCV inafunguka, mvuto wa injini unaichukua gesi na kuichoma. Turbo inavuruga utaratibu huo. Ukikanyaga mafuta, upande wa kuingizia hewa unajaa shinikizo, valvu inatakiwa ifunge, na gesi ipitie mpira mwingine hadi kwenye bomba la hewa lililo kabla ya turbo. Valvu ikikwama wazi, turbo inapuliza moja kwa moja tumboni mwa injini. Mpira ukiziba kwa uchafu, gesi inakosa pa kutokea. Kwa vyovyote vile oili itatafuta upenyo: sili za krenki, gasketi za kava, hata kijiti cha kupimia kinaweza kusukumwa nje.

Pesa za watu hupotelea hapa. Oili huingia kwenye turbo kwa shinikizo la pampu, lakini hutoka kwa kuteremka yenyewe tu kurudi kwenye sampu. Tumbo la injini likishajaa shinikizo, oili haishuki. Inajaa kwenye turbo, inapenya sili zake, na ekzosi inaanza kutoa moshi wa buluu. Fundi anachomoa bomba, anakuta limelowa oili, anatangaza kwamba turbo imekufa. Mwenye gari anakwenda mtaa wa Gerezani, Dar, kutafuta ya mtumba, inafungwa, na baada ya muda moshi ni ule ule. Mpwa wangu mwenye Forester alikuwa ameshaanza kuulizia turbo ya pili. Nilimwomba fundi wake, kwa simu ya video, achomoe valvu ya PCV na kuipuliza kwa mdomo. Ilipitisha hewa pande zote mbili.

Wengine nyumbani huona dawa ni kuung'oa mpira na kuuacha upumue chini ya boneti. Harufu inaingia ndani ya gari, mvuto uliokuwa ukisafisha injini unapotea, na mwisho wa mpira ulio wazi unakusanya vumbi. Kopo la kukamatia oili ni wazo zuri, mradi lirudishe hewa kwenye njia yake na ndani liwe na wavu wa kukamatia matone. Kopo tupu halikamati kitu cha maana. Stili wulu ya kusugulia sufuria usiiweke. Nyuzi zake hukatika, na zikivutwa zitaelekea kwenye turbo.

Sasa manifoldi. Ule mlio wa Subaru unaopendwa Dar na Nairobi unatokana na mabomba yasiyolingana urefu, hivyo mapigo ya moshi hufika kwenye turbo kwa kusuasua. Subaru wenyewe, kwenye baadhi ya injini za soko la Japani, waliweka mabomba yenye urefu sawa na turbo ya njia mbili. Turbo ikaamka mapema zaidi, mlio ukatoweka. Kwa hiyo anayenunua manifoldi kwa ajili ya mlio ananunua muziki. Ni haki yake, ila asiniambie ni nguvu.

Kwa gari la kila siku mimi nasema baki na manifoldi nzito ya kiwandani. Ya mabomba membamba ya stenlesi hupata moto na kutanuka, kisha hupoa na kusinyaa, mpaka inapasuka kwenye maungio. Kwenye injini za mstari, kama 3S-GTE ya Toyota, turbo yenyewe inaning'inia hapo, na matuta yetu mnayajua. Ukisikia tik-tik asubuhi injini ikiwa baridi, kisha inanyamaza ikipata moto, shuku ufa au gasketi.

Kwa ufa, nyumbani tuna bahati. Huku ufundi ni ghali kiasi kwamba gereji nyingi zitakwambia ununue mpya. Dar utapata mtu wa kuiokoa. Mkatalie tu asiunge kwa shaba, kwani vijiti vya shaba vya kuungia huyeyuka karibu na nyuzi 900 za Selsiasi, na moshi wa injini ya petroli yenye turbo unaweza kufika huko. Manifoldi ya chuma cha kusubu inataka kupashwa moto kwanza, vijiti vya nikeli, kisha ifukiwe kwenye mchanga mkavu ipoe polepole.

Na wewe unayetaka kutuma pesa ya turbo wiki hii, ngoja kidogo. Injini ikiwa imepata moto na ingali inanguruma, gari likiwa limesimama, fungua kifuniko cha kujazia oili, weka kipande cha karatasi juu ya tundu. Ikivutwa kidogo, vizuri. Ikirushwa, anza na valvu na mipira. Ikiendelea kurushwa baada ya kubadili hivyo, pima kompresheni, maana huenda ringi zimekwisha, na hapo hakuna turbo itakayokusaidia.