Uchaguzi Mkuu: Mkuu kwa Nani?



Katika katekesi, tunapofikia sifa nne za Eklezia, tunazoea kukawia kwenye neno «katolika». Tunawaeleza wakatekumeni kwamba lilitoka katika Kigiriki, na maana yake ni ya jumla, ya wote, pasipo kumwacha yeyote mlangoni. Serikali yetu nayo, ikiandika kwa Kifaransa, husema «élections générales». Sisi kwa Kiswahili tunasema «uchaguzi mkuu». Mkuu ni mwenye ukubwa na cheo. Kweli, siku hiyo vyeo vingi hupigiwa kura pamoja: rais, wabunge wa taifa, wabunge wa jimbo, na mwaka 2023 hata washauri wa komini. Lakini lile neno la Kifaransa ladai zaidi ya wingi wa vyeo: ladai wananchi wote wawemo.

Hapa Butembo tuliuonja upungufu wake mwaka 2018. Siku nne kabla ya kura ya tarehe 30 Desemba, ilitangazwa kwamba Beni, Butembo na Yumbi zitangoja hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. (Masoko yalijaa watu wakati wote huo, na Misa pia.) Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Tulipopiga kura tarehe 31 Machi, wabunge tu ndio waliobaki kuchaguliwa. Tulinung'unika sana, na twaamini tulikuwa na haki.

Ikafika tarehe 20 Desemba 2023. Tulipanga mstari tangu alfajiri, tukarudi nyumbani tukisema uchaguzi mkuu umepita. Jioni ile mama mmoja mkimbizi wa vita kutoka Rutshuru, anayesali nasi katika shirika, alituuliza kwa upole: «Mwalimu, na sisi tutachagua lini?»

Rutshuru na Masisi hazikupiga kura, wala Kwamouth kule magharibi. Tulilijua jambo hilo. Redio ilikuwa imelisema. Hata hivyo, maombi ya waamini ya Dominika iliyotangulia tuliyaandika sisi wenyewe: tuliwaombea wagombea, tuliwaombea wasimamizi wa kura, tuliuombea mji wetu utulivu. Wale waliofungiwa nje, kama tulivyofungiwa sisi jana tu, hatukuwataja.

Hatukuwa na jibu. Tulimpa kiti, tukakaa naye.

Dominika ya nne ya Majilio tuliongeza ombi moja. Tulimwomba alisome yeye, naye alilisoma kwa Kinyarwanda.