Msitu wa Loita na Supu ya Magome

Asafiriye kutoka Narok kwenda kusini, kuelekea mpaka wa Tanzania, hupita nchi kavu ya Narosura, kisha njia huanza kupanda milima ya Loita. Huko juu joto hupungua, na mbele huonekana msitu mkubwa wa mitarakwa na mizeituni ya mwitu. Wamasai wa Loita huuita Naimina Enkiyio, yaani Msitu wa Mtoto Aliyepotea. Husimuliwa ya kwamba zamani msichana aliingia humo akifuata ndama. Ndama wakarudi nyumbani, lakini yeye hakuonekana tena.

Kwa wenyeji msitu huo ni malisho ya wakati wa kiangazi, ni mahali pa ibada, na tena ni duka la dawa lisilo na mlango. Morani huenda mahali pa faragha paitwapo olpul, wakachinja ng'ombe na kukaa siku nyingi wakila nyama. Karani wa mjini akijaribu kula namna hiyo, bila shaka tumbo litamshitaki siku ya pili! Lakini hawa hawali nyama tupu. Ndani ya supu hutiwa magome na mizizi. Olkiloriti, ambao ni aina ya mgunga, husifiwa kwa kulainisha chakula tumboni. Olmukutan hufukuza minyoo. Na osokonoi, ambao Wakikuyu huuita muthiga, una gome kali kama pilipili, nalo hutafunwa pia kwa maumivu ya tumbo na ya meno.

Sifa za gome hilo zimefika masokoni, na wako walinunuao wakitumaini kuponya vidonda vya tumbo. Hapo yafaa kutahadhari. Mwaka 1982 huko Perth, Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kuotesha kijidudu kikaacho tumboni, kiitwacho Helicobacter pylori, na sasa yajulikana kuwa vidonda vingi huletwa nacho, au huletwa na vidonge kama aspirini vikizidishwa. Dawa za hospitali hukiua kwa muda wa wiki moja au mbili. Ni kweli wataalamu wameona katika gome la osokonoi vitu viuavyo baadhi ya vijidudu na kuvu. Lakini kuua ndani ya chupa si kuponya ndani ya mtu. Mwenye kutapika damu, au kupata choo cheusi kama lami, asikae nyumbani akichemsha magome.

Na mti wenyewe una ugonjwa wake, nao ni tamaa. Mwenye busara huchukua kipande kidogo upande mmoja. Mfanya biashara humenya shina lote kulizunguka, na kwa kuwa chakula kitengenezwacho na majani hushuka kwa njia ya gome, mizizi hufa njaa. Katika Zimbabwe ndugu wa mti huu, Warburgia salutaris, karibu atoweke porini kwa sababu hiyo hiyo.

Hata hivyo osokonoi hukubali kupandwa shambani, katika nchi za juu zenye mvua. Mbegu zipandwe zingali mbichi, kwa maana zikikaushwa na kuwekwa ghalani hazioti. Na mwenye kuziokota na aamke mapema, kwani tumbili nao huyapenda sana matunda yake.